Alama ya Bibi Petrine

Storvika, 16 Oktoba 1994

Mpwa wangu Turid,

Kama barua hii imekukuta mzima huko Bergen, basi tuko sawa, maana mimi huku ni mzima kupita kiasi. Mama yako goti limemwanza tena, ngazi za nyumbani anazipanda kama mlima, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Juzi kanisema kutwa nzima kwa sababu nilianika soksi juu ya jiko lake wakati anachoma mikate yake ya lefse. Kondoo wote wameshushwa kutoka mlimani. Yule dume wa pembe moja alikataa, nikamteremsha mwenyewe begani, kilo mia na ishirini, kwenye barafu, huku navuta sigara. Mama yako anasema alikuwa mwanakondoo. Mama yako hakuwepo.

Samaki wetu heringi wameingia fyordini, kwenye ghuba yetu nyembamba, tangu wiki iliyopita. Wamejaa mpaka maji yamekuwa mazito, na nyangumi wa mabaka wamewafuata nyuma kama wageni wa harusi waliosikia harufu ya supu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Arnulf ametuibia.

Arnulf unamjua. Miaka kumi na mmoja alikuwa baharia wangu kwenye mashua yangu Petrine, alikuja hajui hata kufunga fundo, nikamfanya mtu. Mwezi wa tano aliniacha, akaenda Narvik kuwa nahodha wa Krystall, lile limeli jeupe la vioo linalozungusha watalii tisini kwa mpigo kutazama maporomoko na vilele, halafu nyangumi. Hilo nilimsamehe. Yaani sikumsamehe, ila nilinyamaza, na kwa mtu kama mimi kunyamaza ni sadaka kubwa. Jana saa sita mchana niko majini na watalii wangu wanane, Wajerumani, namwona anakuja. Hakutafuta. Hakuzunguka. Alikuja moja kwa moja, akalisimamisha limeli lake juu ya Alama ya Bibi Petrine, pale pale. Nyangumi wakamtokea pande zote, watalii wakapiga makofi. Wajerumani wangu wakaniuliza, "Mbona wale wameona kwanza?"

Alama siiandiki hapa, maana alama haiandikwi. Babu yangu alimnong'oneza mama yangu Petrine, mama akaninong'oneza mimi, na kwa kuwa sikuzaa, nilikunong'oneza wewe siku ulipotimiza miaka kumi na minne. Vitu viwili vya nchi kavu vikae mstari mmoja upande huu, viwili vingine upande ule, mistari inapokatana ndipo heringi wanapolala na nyangumi wanapokula. Duniani tunaijua watu wawili, mimi na wewe. Arnulf nilikuwa namteremsha chini kupika kahawa kila tulipokaribia. Miaka kumi na mmoja ya kahawa! Moyo wangu umeharibika kwa kahawa ile.

Niambie basi. Uliwahi kumwambia mtu?

Kama hukumwambia mtu, amenipeleleza. Na mimi silipizwi kisasi, ni mimi ninayelipiza. Wewe unajua nyangumi dume aliyewahi kujikuna mgongo kwenye uti wa mashua yangu alivyonibeba kutoka mwamba wa Kobben mpaka gati la kanisa bila kuchoma tone la dizeli, nikawahi ubatizo. Pasta mwenyewe ni shahidi, ila amefariki. Mtu aliyebebwa na nyangumi hashindwi na Arnulf.

Ni mimi mjomba wako,
Hallgeir


Bergen, 9 Novemba 1994

Mjomba,

Pole na shughuli. Huku mvua haijakata siku kumi na saba. Kazi yangu kwenye meli za watalii inaendelea. Mimi ni ofisa wa pili sasa, nashika usukani zamu mbili kwa siku. Nimemtumia mama dawa ya kuchua goti. Mwambie asiipake juu ya soksi.

Kuhusu Arnulf, meli za siku hizi zina mashine ya kuona samaki chini. Huenda hakuiba chochote. Achana naye.

Krismasi sitaweza kuja.

Turid


Storvika, 20 Novemba 1994

Mpwa wangu,

Dawa imefika. Mama yako ameipaka na sasa nyumba nzima inanuka kama kambi ya wanamichezo. Binamu yako Oddvar ameoa, mke wake ni mrefu kuliko mlango wao, wamelazimika kuinua mlango. Jua limeshaagana na sisi mpaka mwakani. Mchana tunapata saa tatu za mwanga wa buluu, unatosha kuona mnara wa kanisa na vilele, basi.

Nilikuuliza swali moja, umenijibu mambo ya mashine. Mashine ninazijua. Mashine inakuonyesha samaki ukishafika juu yake, haikuiti toka maili nne.

Nimeanza kazi ya kumwadhibu. Wiki jana nilichukua pipa la maini ya samaki yaliyooza tangu kiangazi, nikalifungulia kwenye sitaha ya Petrine, nikajiweka upande upepo unapotokea, mita hamsini kutoka Krystall. Harufu ile ingemfufua maiti na kumuua tena. Nikangoja watalii watapike na walalamike. Badala yake walitoka wote nje na kamera, wakanipungia mikono! Mwongozaji wao, nikamsikia kwenye kipaza sauti, sauti ya kike, akiwaambia kwamba huyu ni mvuvi wa jadi anachemsha mafuta kama zamani. Wakanipiga picha mpaka pipa likaisha. Wajerumani wangu ndio waliotapika.

Juzi Arnulf kashuka hapa kwetu kununua betri dukani. Wanaume walikuwa wamejaa gatini, nikasema hapa hapa.

"Wee Arnulf! Kahawa yangu ilikuwa na macho, siyo?"

"Nahodha Hallgeir! Leo nyangumi wamekubeba mpaka wapi? Mpaka Uingereza?"

Wakacheka, wajinga wale.

"Nimekuuliza nani kakuonyesha alama ya mama yangu. Ulitoboa tundu sakafuni?"

"Mzee, mimi sijatoboa kitu. Nilipewa. Nilikaa kwenye kiti, nikapewa kwa mdomo, na aliyenipa hakuomba hata kahawa."

"Nani?"

"Waulize watu wa nyumbani kwako. Mimi ni mgeni tu."

Akapanda kwenye boti yake anapiga mluzi. Ningemtupa majini, mara ngapi nimetupa watu wakubwa kuliko yeye, lakini nilikuwa nimevaa sweta jipya.

Watu wa nyumbani kwangu ni mama yako, ambaye hakuwahi kuijua ile alama, na wewe. Turid, nakuuliza mara ya pili. Na mama yako anasema anazungumza nawe kwenye simu kila Jumapili, ila akiniona anafunga mlango. Kuna nini?

Hallgeir


Bergen, 18 Desemba 1994
(kadi ya posta, picha ya gati lenye theluji)

Mjomba, Krismasi njema kwako na mama. Kazi nyingi, siwezi kuandika zaidi. T.


Storvika, 27 Desemba 1994

Mpwa wangu mpenzi,

Kadi yako nimeibandika juu ya redio. Krismasi ilikuwa nzuri. Tulikula mbavu za kondoo za kukausha, mama yako alilia kidogo wakati wa nyimbo kama kawaida yake, mimi nikaimba kwa sauti nzito mpaka vioo vya kanisa vikatetema na pasta mpya akasimamisha ibada kuuliza kama ni maporomoko ya theluji.

Nimefikiri. Yale maswali yangu yaache. Mtu mzima hasumbui damu yake. Badala ya swali nakupa zawadi.

Ipo alama ya pili. Hii sikukunong'oneza siku ile, ni ya babu mzaa babu. Najua alama haiandikwi, lakini wewe uko mbali, na mimi juzi nimekohoa kikohozi kibaya. Nikifa itakufa nami. Isome mara tatu kisha uchome karatasi.

Ukiwa unatoka kaskazini, mnara wa kanisa uweke juu ya kichwa cha mwamba wa Kobben, kama kofia. Nenda nao hivyo hivyo mpaka bomba la moshi la kiwanda cha zamani cha mafuta ya heringi liguse ukingo wa kushoto wa poromoko la maji la Hesten. Simama. Katikati ya Januari, heringi wanapojikusanya kwa safari ya kutoka, nyangumi wote wa fyordi wanakuwa pale; mimi nimewahi kuhesabu mia mbili nikaacha kwa kuchoka vidole. Na wale wakubwa wa nundu pia.

Usimwambie mtu yeyote. Wewe ndiye mrithi wangu.

Mjomba wako anayekupenda,
Hallgeir


Storvika, 19 Januari 1995

Turid!

Salamu leo fupi, furaha hainingoji. Mama yako yuko dukani. Goti, sijui. Kondoo, wapo.

Krystall limekwama! Jana saa sita na robo mchana, limepanda mwamba upande wa ndani wa Kobben, limekaa pale limeinama kama mlevi kwenye kona, na taa zake zote za vioo zinawaka. Watalii wameshushwa kwa boti za uokoaji. Redio imesema hakuna aliyekufa, kwa hiyo nina ruhusa ya kucheka, na nimecheka mpaka mbavu zinaniuma. Siku hiyo hiyo walikuwa wamebeba mawakala wa safari kutoka Hamburg na mwandishi wa gazeti!

Sasa nikwambie, maana hainipunguzii kitu tena. Alama ya pili haipo. Babu mzaa babu hakuwa na alama, alikuwa na deni la pombe na mbuzi. Nilikuandikia wewe uongo, nikijua kama ni wewe unayempelekea Arnulf maneno, basi na huu utampelekea. Nilitaka afike kwenye kile kighuba kitupu nyuma ya Kobben, kusiko na kitu isipokuwa mwani na bata, asimame pale na mawakala wake wa Hamburg, watazame jiwe kwa saa tatu za mwanga, warudi Narvik wakimzomea. Hilo tu. Kuupanda mwamba ameongeza mwenyewe, kwa ujinga wake. Bahari imenisaidia, inanijua.

Na wewe nimekunasa. Ni wewe uliyempa alama ya Bibi. Sijui alikulipa nini, sijui alikudanganya nini. Umeuza sauti ya mama yangu kwa baharia wa kupika kahawa. Leo umeona malipo yake. Mlango wangu usiuguse tena.

Mama yako amerudi. Ameingia hajavua buti, amekaa chini sakafuni na koti lake, analia, namuuliza kuna nini. Ngoja, nitamalizia


Narvik, 2 Februari 1995

Mjomba,

Mama yuko kwangu, mzima. Hatarudi Storvika. Barua yako uliituma bila kuimalizia, au ni mama aliyeichukua mezani na kuja nayo, hakutaka kuniambia. Nimeisoma.

Sijakaa Bergen tangu Mei. Rafiki yangu alikuwa ananiletea barua zako na kutuma zangu kutoka kule. Nilikuwa kwenye Krystall. Ile sauti ya kike kwenye kipaza sauti siku ya pipa lako la maini ilikuwa yangu, nilijaribu kukufichia aibu. Na tarehe 18 Januari usukani ulikuwa mikononi mwangu. Arnulf alikuwa anakula. Mimi ndiye niliyetaka kuwaonyesha watu wa Hamburg alama ya ukoo wangu.

Mama mmoja wa Bremen, miaka sabini na mmoja, amevunjika mkono. Mtoto alikuwa anaita "Papa" dakika ishirini kabla hatujampata baba yake. Leseni yangu imeshikiliwa.

Unasema kupanda mwamba ni ujinga wa Arnulf. Basi sikia. Kanisa la Storvika liliungua mwaka 1958, lilijengwa upya hatua mia mbili juu zaidi kilimani. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ile picha ya mnara juu ya Kobben kama kofia ni picha ya utoto wako, ulipokuwa unaenda kuokota mayai ya bata, mnara ulipokuwa mahali pengine. Ukiuweka mnara wa leo juu ya Kobben, huendi kwenye kighuba. Unaenda kwenye jiwe. Hukutoka hata siku moja kwenda kuangalia. Ulikaa jikoni ukaandika.

Ramani ilikuwa na alama ya mashaka pale, kina hakijapimwa. Niliiona. Niliamini neno lako kuliko ramani. Nilijua pia kwamba alama haiandikwi, na wewe uliiandika, na hilo nalo halikunishtua, kwa sababu uliniita mrithi wako.

Unauliza Arnulf alinilipa nini. Hakunilipa kitu. Miaka miwili iliyopita nilitoka chuo cha ubaharia na cheti, nikaja gatini kukuomba unifundishe kuiendesha Petrine. Walikuwepo wanaume kama kumi na watano. Ulisema, "Turid mwanangu, nyangumi wakikuona wewe kwenye usukani watauliza, sasa chakula anapika nani?" Wakacheka wote. Na wewe ulirudia tena, kwa wale waliochelewa. Jioni ile ile Arnulf alinikuta nimekaa kwenye ngazi za duka, akasema kama siku moja atapata meli, atanipa usukani. Alipoipata, alinipa. Na mimi nikampa kilicho changu. Uliponinong'oneza hukusema unaniazima.

Tarehe 7 Machi kuna kikao cha uchunguzi, hapa Narvik. Njoo usimame useme uliyofanya. Barua zako zote mbili ninazo.

Turid


Storvika, 10 Machi 1995

Turid,

Msalimie mama yako. Nyumba ni kubwa kuliko nilivyokuwa nadhani. Kondoo wanne wamezaa. Sweta langu jipya limeingia nondo.

Nilikuja, uliniona. Ulikaa mstari wa mbele, mkono wa kulia mfukoni mwa koti, haukutoka mfukoni tangu mwanzo mpaka mwisho, na mimi nilijua barua zimo humo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilitaka kusema nilikosea kidogo, kisha wakati natamka nikaona uso wako, nikasema yote.

Wewe ulisikia, lakini nakuandikia tena ili nijue kama nilisikia sawa. Mwenyekiti aliniuliza, "Bwana Hallgeir, unasema ulimwandikia mpwa wako alama ya uongo kwa makusudi?"

Nikasema ndiyo.

"Na kwamba uongo wenyewe pia ulikuwa na kosa?"

Nikasema ndiyo. Nilidanganya, na katika kudanganya nikakosea.

Ndipo Oddvar, binamu yako, kutoka nyuma: "Mwenyekiti, muulize na yule nyangumi aliyembeba!"

Ukumbi wote ukacheka. Hata yule karani wa kuandika. Mwenyekiti mwenyewe alifunika mdomo kwa karatasi. Nikawaambia, "Jamani, hii ni kweli! Haki ya Mungu, nyingine zote zilikuwa za kuchekesha, hii ni kweli!" Wakazidi. Mzee mmoja wa Korsnes alipangusa machozi, akasema, "Hallgeir bwana, leo umevunja rekodi." Mwenyekiti akanishukuru kwa upendo wangu kwa mpwa wangu, akasema anaelewa mjomba anavyoweza kutunga jambo kumwokoa mtoto wa dada yake, akaniomba nikae.

Nikakaa. Nimekaa na watu wanaocheka maisha yangu yote, na nilikuwa najua kila mara wanacheka kwa sababu gani.

Walipotoka kwenda kunywa kahawa nilikuja mpaka kiti chako. Ulisema "Kaa pembeni, Mjomba," ukatoka. Sasa nakuuliza. Barua zilikuwa mfukoni. Kwa nini hukuzitoa?

Zitoe. Wapelekee. Mwandiko ni wangu, wataujua, hakuna mwingine anayeandika S kinyumenyume. Wataninyang'anya leseni na Petrine itakaa gatini ioze, lakini hawatasema tena nimetunga.

Nangoja jibu.

Hallgeir


Storvika, 2 Mei 1995

Turid, sijapata jibu. Ofisa wa serikali kaja, Petrine imefungwa mnyororo gatini. Sijui nani kawapelekea barua, ni wewe au ni mama yako. Niambie tu ni nani. Wale wanaume wa gatini sasa wananisalimia kwa heshima na kuondoka upesi. Hakuna anayeniuliza habari za nyangumi.

H.


Storvika, 30 Agosti 1995

Turid, niandikie hata mstari mmoja.


Narvik, 12 Novemba 1995

Mjomba,

Goti la mama limepata nafuu, huku ghorofa ina lifti. Oddvar na mke wake wamepata mtoto wa kike, wanasema tayari ni mrefu.

Barua niliwapelekea mimi, tarehe 8 Machi, siku moja baada ya kikao. Umeuliza kwa nini sikuzitoa tarehe 7, ukumbi ukiwa umejaa. Sikuzitoa kwa sababu nilitaka usimame mbele ya watu useme jambo ambalo ni kweli kabisa, jambo la maisha yako, na wao wakucheke. Nilitaka ujue linavyokaa kifuani. Nilingoja mpaka nikaona umelijua, kisha nikaenda kulala, asubuhi nikapanda ngazi za ofisi yao.

Leseni yangu ilirudi Juni. Arnulf amehamia kusini, Krystall limetengenezwa na sasa ni langu, mimi ndiye nahodha. Heringi waliingia wiki mbili zilizopita. Jana nilipeleka abiria themanini na wawili kwenye Alama ya Bibi Petrine, nikazima injini, tukahesabu nyangumi thelathini na mmoja. Waliuliza nani alinifundisha mahali pale. Nikawaambia bibi yangu.

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Turid